Hatua za Cyprien Wakati wa Mvua

"Maman Pascaline, muzee wako alianza kurudi lini?" Maman Virginie, jirani yangu, aliniuliza hivyo siku moja tukitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mwezi wa kumi," nikamujibu.

"Na Joviale aliingia hapa lini?"

"Mwezi wa kumi."

Akaendelea kutwanga.

Joviale ni bibi aliyeolewa na mutoto wangu Guylain, anayechimba zahabu kule Kamituga. Jioni za mvua, tukisha kula, kichwa changu kilikuwa chepesi kama pamba, ukuta ukapumua, nikasikia hatua za marehemu bwana yangu Cyprien katika kolidoro. Alisimama nyuma ya kiti changu. Sikuogopa. Nilishika rozari, nikamuachia nafasi. Joviale yeye alitapika.

"Huyo ni mulozi, anaroga," Virginie akasema. "Ni yeye anakusumbulia marehemu. Siku ya Mungu, tukitoka misa, tunamurudisha kwao Walungu. Guylain utamwambia kwa telefone."

Niliomba. Kisha nikaangalia, maana Mungu alinipa macho pia. Cyprien hakuja hata mara moja jioni kavu, na mwezi wa kumi ndio mvua ilikaza. Na mvua ikinyesha, ni mimi niliingiza mbabula ndani, jiko letu, na makala yake mekundu ya moto, nguo zikauke, nikafunga madirisha.

Jioni tatu za mvua nikaiacha mbabula inje, chini ya paa. Joviale alikuwapo. Muzee hakuja, na Joviale hakutapika. Jioni ya ine nikamutuma Joviale kwa dada yake, kule Muhumba, nikaingiza mbabula, nikafunga. Cyprien akaja. Nililia kidogo, halafu nikajikokota nikafungua mulango. Upepo wa ziwa ukaingia, naye akapunguka, akapunguka, ikabaki harufu ya udongo uliolowa.

Kesho yake nilienda kituo cha afya, infirmière Lucie akanigombeza. "Makala yanatoa sumu isiyo na harufu, maman. Inaingia ndani ya damu. Ungelala pale, usingeamuka."

Siku ya Mungu Virginie akaja, motari wa kumupeleka Joviale akimungojea barabarani na pikipiki. Nikamueleza yote.

"Kumbe muzee wako ni makala."

"Ni makala."

"Na mulozi?"

"Kama yuko, ni mimi. Nani aliingiza mbabula?"

"Eh, umekuwa dokteri sasa." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na wewe hutaki kumuona tena?"

"Ninataka. Kila mvua ninataka. Lakini Joviale anabaki."

Akaniangalia sana. Akakaza kikwembe chake kiunoni, akatoka kumuambia motari aende zake.