Ukurasa wa Cherehani Inayoruka Mishono

Cherehani ya mteja ilikuwa inaruka mishono, nikauliza kwenye grupu letu la mafundi. Kabla sijamaliza chai, swali langu lilishazikwa chini ya salamu, picha za maua na mtu anayeuza kuku. Fundi Miwani akaandika, "Mbona hilo tulishalijibu mwezi jana? Rudi juu utaliona." Nikarudi juu mpaka kidole kikauma. Wapi!

Zamani tulikuwa na jukwaa letu mtandaoni. Kila ugonjwa wa mashine ulikuwa na ukurasa wake, na sheria ilikuwa moja: ukisaidiwa, urudi uandike "imepona", ili atakayekuja baada yako ajue dawa ni hiyo. Tukalihama, tukijiona wajanja.

Kwa hasira nikalitafuta. Lipo bado, ila limefungwa, ni la kusoma tu. Nikaandika "kuruka mishono", ukurasa ukaja papo hapo. Aliyeuliza, miaka minane iliyopita, ni mimi. Aliyejibu ni marehemu Mzee Bobini, hatua kwa hatua, na sindano kaichora kwa mkono wake. Wiki moja baadaye, sisi tukiwa tumeshahamia grupu, alirudi peke yake kuandika: "Mwanangu, imepona?"

Nikafuata hatua zake zote. Mashine ikashona mstari mzima bila kuruka hata mshono mmoja. Nikatafuta mahali pa kumjibu. Hapakuwepo.