Wa Kulia Kanyamaza

...na huyu mpimaji mbona kanyamaza, alipokuwa upande wa kushoto wa tumbo langu hakufunga mdomo, mama ona kisigino, mama huyu atasumbua, sasa kifaa kimefika kulia kwa pacha wa pili na skrini kaigeuzia kwake, mtu hafichi kitu kizuri, na wifi yangu pale mlangoni kaukumbatia mkoba wangu, haniangalii, anaangalia viatu vya mpimaji, wanajua, hawa wanajua... "Wifi, mnanificha nini?" "Nani kakuficha, wewe tulia." Tulia, neno la watu wenye siri, tangu jana wa kulia hajacheza, nimembonyeza, nimelalia ubavu, kimya, naogopa, na mwanzoni walikuwa kitu cha kupepesa tu, kama ukope unavyocheza, nikadhani gesi, kisha wakaanza kupinduka, kisha mateke, mkunga akasema nafasi ikiwabana hawatapinduka tena, watasukuma na kujinyoosha, lakini wasinyamaze, hakusema watanyamaza, na kwenye picha ya mwezi wa tano mmoja alikuwa kamwekea mwenzake mkono usoni, wifi akacheka, hawa wameanza kugombea kitanda, alikuwa anacheka wakati ule, jana asubuhi hakucheka, kaja kaifunika cherehani yangu kwa shuka, eti umeshona vya kutosha, sare za watu nitazimalizia mimi, yeye asiyejua hata kutia uzi sindanoni, wema wa ghafla una lake jambo, lazima mkunga kamnong'oneza, mmoja kasha... usilitaje, usilitaje... ngoja. Cherehani. Wa kushoto hucheza saa yoyote, hana adabu yule, lakini huyu wa kulia hulala nikikanyaga pedali, tumbo limegusa meza, ule mtetemo unambembeleza, nikisimama tu kukata uzi, huyo, ananisukuma chini ya mbavu, mbona umeacha, na tangu jana sijakanyaga, kwa hiyo sijaacha, nani amwamshe... mguu umeshaanza wenyewe, kisigino kwenye chuma cha kitanda, kanyaga, kanyaga, kitanda kinatetema, "Mama, usitikisike, picha inaharibika," wifi kaja mpaka kitandani, "Una nini wewe?" nakanyaga tu, kama nashona pindo refu la sketi, mpaka mwisho, halafu naacha. Kimya. Bado kimya. Kushoto teke, wewe nakujua, hujaitwa wewe, teke tena, na hapohapo, kushoto bado kunapiga, chini ya mbavu za kulia msukumo, wa polepole, wa mtu aliyekatishwa usingizi, huku na huku kwa wakati mmoja, mmoja hawezi kuwa huku na huku, wawili, jamani, wawili, machozi yananiingia masikioni na wifi kanishika mguu, ananiuliza mimi, wapo wote wawili, kumbe naye hajui kitu, kumbe alikuwa anaogopa kama mimi, na lile shuka alilofunikia cherehani ni la kitandani kwake, kalitandua ili nipumzike... mpimaji bado anaitazama skrini yake, na mimi sina tena la kumwuliza.