Sifuri ya Jungu la Tatu

Kazini walimwita Profesa, na jina likamkaa. Alikaa mbele ya skrini akisoma presha ya majungu manne ya mvuke yanayopika vyakula vya makopo, na hakuna fundi aliyegusa mlango wa jungu kabla yeye hajatamka namba. Shemeji yake, fundi aliyemwoa dada yake, alimwamini kuliko macho yake mwenyewe.

Sasa tazama ujinga wa watu wenye akili. Zamu yao ilikuwa na mazoea yake: jungu likioshwa, maji hukitikisa kipimo cha presha na king'ora hulia mpaka mtu apate wazimu. Basi wakawa wanafunga koki ndogo inayopeleka presha kwenye kipimo, skrini inabaki sifuri, wanaosha kwa raha zao, kisha wanaifungua. Asubuhi hiyo Profesa aliifunga ya jungu la tatu kwa mkono wake, akaenda kunywa chai, ikamtoka kichwani.

Wapakiaji wakalijaza jungu, wakawasha. Skrini ikasema sifuri. Mtambo hauna akili zaidi ya namba unayopewa. Uliona sifuri, ukaongeza mvuke, ukaona sifuri, ukaongeza tena. Profesa aliporudi alidhani jungu bado tupu.

Shemeji akaita kwa redio. "Shemeji, mpira wa mlango wa jungu la tatu unavuja. Ngapi huko?"

"Sifuri."

"Una hakika? Mbona linanguruma?"

"Hilo la jirani. Wewe una masikio, mimi nina namba. Fungua, bwana!"

Fundi akacheka, akafungua. Mvuke ukamlipukia.

Profesa alifika hospitali amejiandaa kutukanwa. Alitamani kutukanwa. Shemeji alikuwa amefungwa bandeji mpaka kidevuni, dada kashika kikombe cha maji.

"Nisamehe, shemeji," fundi alisema kwa shida. "Uliniambia nisubiri, eh? Nimefungua kwa haraka zangu. Sikumbuki vizuri."

Dada akamtazama kaka yake. Lilihitajika neno moja tu la kweli.

"Usijali," Profesa alisema. "Pona kwanza."

Hakupona. Alikufa siku ya tatu. Zamu nzima ilijua habari za koki, na zamu nzima ikafyata ulimi. Msibani dada alimshika kaka yake mikono yote miwili, akamwomba radhi kwa kuwa mumewe amemharibia jina kazini.