Kitufe cha Shavuni

Nimechoka, na sitaki kuambiwa pole. Tangu alfajiri nimemwogesha binti yangu, nimemvalisha, nimemfunga mkanda kwenye kiti cha magurudumu, nimekaza mkono wa chuma unaoshika kitufe karibu na shavu lake. Mikono yake haimtii; shavu linamtii. Kwenye skrini ya kompyuta mwanga unapita juu ya herufi, moja baada ya nyingine, na ukifika kwenye anayoitaka anabonyeza. Ndivyo anavyoandika. Nyumbani tunamwita Bosi, na cheo hicho hakupewa bure.

Leo ulikuwa mtihani wa majaribio. Akiumaliza mwenyewe, ataruhusiwa kutumia kompyuta yake kwenye mtihani wa mwisho. Akishindwa, atapewa mtu wa kumwandikia, na Bosi hataki mtu wa kumtafunia maneno.

"Mama, wewe utakaa nje," msimamizi aliniambia mlangoni. "Ukiingia tu, karatasi yake inafutwa."

Nikamweleza kila kitu: waya, chaji, skrubu. Kisha nikakaa kwenye benchi la korido, usingizi ukanipitia.

Nilipozinduka nikachungulia dirishani. Kitufe kilikuwa kimelegea, kinaning'inia chini ya kidevu. Mwanga unapita juu ya herufi bure, na msimamizi kule mbele anadhani mtoto anafikiri. Nikashika kitasa cha mlango.

Bosi akaniona. Akafumba macho kwa nguvu.

Kwetu hiyo ni hapana. Kuangalia juu ni ndiyo. Nikaganda pale pale, na ndipo nikagundua kwamba habari ya macho sikumwambia msimamizi. Nilimfundisha mashine, mtoto nikamsahau! Lakini ningekumbukaje, wakati kila siku shuleni nakaa kando yake, na mimi ndiye ninayemjibia?

Bosi akaanza kupiga kelele.

"Shh! Wenzako wanaandika," msimamizi akasema kutoka mbele.

Bosi akazidisha. Msimamizi akamwendea, uso ameukunja. "Unataka maji?"

Akafumba macho.

"Unaumwa?"

Akafumba tena. Msimamizi akajikuna kichwa. "Ngoja. Ukifumba ni hapana?"

Bosi akaangalia juu mpaka weupe wa macho ukabaki peke yake.

"Basi ni hiki kidude?"

Juu tena. Msimamizi akakirudisha shavuni, akakaza skrubu kwa vidole. Nikaachia kitasa.

Bosi alimaliza wa mwisho, shavu limevimba. Msimamizi akatia saini kwamba kazi yote ameifanya mwenyewe. Nikaingia kumkumbatia, kumbe bado anaandika, herufi kwa herufi, nami nikasubiri nimeegemea kiti chake.

"Mama kesho baki nyumbani ulale."

Iliniuma, jamani. Iliniuma, na hapo hapo nikatamani kesho ifike.