Kivuli Kwenye Televisheni

Kwenye televisheni nilikuwa kivuli. Kichwa cheusi mbele ya pazia la buluu, mabega mawili yasiyo na rangi, na sauti waliyoinenepesha kwa mashine mpaka ikawa ya mtu anayenizidi miaka ishirini.

Mama aliketi kando yangu kwenye kochi lake kule Evere, katika nchi ya Wazungu tulikohamia, akikunja mashuka. Ilikuwa Jumatano ya Juni, mwaka 1995, na ingawa saa mbili usiku ilikuwa imegonga, jua lilikuwa bado linawaka kwenye madirisha ya ghorofa za mbele. Nilikuwa nimepanda basi makusudi kutoka kwangu, karibu na Porte de Namur, ili niwe naye kipindi kitakaporushwa. Nilijiambia kwamba akishuku kitu, nitabadilisha chaneli upesi.

Siku zile watu kama mimi tulikuwa na milango miwili tu ya kuingilia kwenye televisheni. Wa kwanza ulikuwa kuchekesha: mwanamume wa kulegeza viganja, anayepanda juu ya kiti akiona panya. Wa pili ulikuwa kufa: kijana aliyekonda kwenye kitanda cha hospitali, mama yake akilia dirishani, kisha tangazo la sabuni. Wote walikuwa Wazungu. Wa kuchekesha walipotokea, mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kitenge. Nami nilicheka, nikichelewa kidogo nyuma yake.

Ndiyo maana mwandishi mmoja wa habari, mwanamke mpole, aliponiambia anatafuta Mkongo wa kusimulia maisha yake ya kila siku, nilikubali. Nilitoa sharti moja: uso wangu usionekane.

Basi kivuli kikasimulia. Kwamba kinaishi na mwanamume kinayempenda. Kwamba wanagombania dirisha la chumbani, kwa kuwa mmoja hulala akitaka hewa na mwingine hutetemeka. Mama aliendelea kukunja mashuka, akisikiliza kwa sikio moja. Ndipo mwandishi akauliza kama familia inajua. Mkono wa kulia wa kivuli ukainuka, ukapita juu ya kichwa, ukashika sikio la kushoto.

Mkono ule nilikuwa nimeusahau. Nilipokuwa mdogo kule Lubumbashi, shule ilinikataa kwa sababu mkono wangu haukufikia sikio la upande wa pili, na hivyo ndivyo walivyopima kama mtoto ametimiza umri. Mwaka mzima mama alinisimamisha mlangoni kila jioni, nikijinyoosha, yeye akinitia moyo. Nilipokubaliwa shuleni, mazoea yalibaki. Swali likinishinda, mkono hujiendea wenyewe.

Mikono ya mama ilisimama. Alitazama mpaka mwisho, watu wote waliohojiwa baada yangu, kisha akainuka na kuzima televisheni.

"Banza."

"Mama."

"Juu ya nini balikuweka mu giza? Uliiba kintu?"

"Hapana. Ni miye njo niliomba."

"Juu ya nani?"

Nilikuwa na majibu tayari kuhusu wale niliowaficha uso: kazini, majirani, Wakongo wenzetu.

"Juu yako, mama."

Aliketi tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kiti bila kukiona.

"Donc ile giza ni miye," akasema.

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniomba niende nyumbani, nimwache afikiri.

Wiki tatu hatukusemezana. Kisha Jumamosi moja mchana kengele ya mlango wangu ililia, na Hervé, yule mwanamume wa dirisha, akaenda kufungua. Mama alikuwa amepanda ngazi za ghorofa tatu na sufuria ya sombe, kisamvu chetu, mikononi, imefungwa kwa kitambaa. Kwa miaka miwili mama alimjua Hervé kama rafiki ninayekaa naye tu. Hervé alikuwa amekula kwake mara nyingi. Siku hiyo mama alimtazama upya, kuanzia miguuni hadi usoni.

"Ni weye njo unafungulaka dirisha?"

Hervé ni mtu wa Bukavu, maneno hayamwishi. Lakini aliinamisha kichwa.

"Ni miye, maman."

"Mutoto yangu anaogopaka baridi tangu alizaliwa. Ukifungula, umupatie na couverture ya kujifunika."

Akampa sufuria, akaingia.

Sitaki kusema kwamba siku ile kila kitu kilinyooka. Kwa muda mrefu aliniombea kwa namna ambayo sikuitaka, na neno lenyewe la kutaja nilivyo halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Ila wale wanaume wa kuchekesha walipotokea tena kwenye televisheni, sikumsikia akicheka. Aliwatazama kwa makini, kama anayewatafutia mama zao.

Mwaka 1998 mwandishi yule alinipigia simu tena, akitaka nisimulie uso wangu ukionekana. Safari hii nilimuuliza mama kwanza. Tulikuwa mezani; alitafuna, akameza, akafikiri.

"Vaa shati ya bleu," akasema. "Ile nyeupe inakuonyeshaka kama mugonjwa."

Kipindi kilirushwa Jumapili baada ya misa. Tulikuwa watatu kwenye kochi la mama, Hervé katikati. Sura yangu ilipotokea, kubwa, mwangaza wote juu yake, sikujua niangalie wapi. Kabla sijamaliza jibu langu la kwanza, simu iliita, mama akapokea. Alikuwa maman Marie-Claire, mwenzake wa kwaya, na sauti yake ilitufikia sote: washa televisheni haraka, kuna muntu anafanana na Banza wako.

"Si kufanana," mama akasema. "Ni yeye."

Marie-Claire akaongea kirefu. Mama alisikiliza, macho yake hayakutoka kwenye skrini.

"Ndiyo, minajua," akasema hatimaye. "Bon, maman, tutaongea kesho. Sasa minamusikiliza."

Akakata simu, akaongeza sauti.