Mitetea wa Mzazi

Mimi ni mtu wa kujipa vyeo. Tangu nijenge banda la kuku nyuma ya nyumba najiita Daktari, na majirani, kwa kunihurumia tu, wameniachia. Utitiri ulipovamia kuku wangu sikumuuliza mtu. Nilichukua ile dawa ya unga ninayochanganya na mahindi yasitobolewe, nikawapaka, nikanyunyiza na chini kwenye maranda. Mdudu ni mdudu, nikajiambia. Utitiri ukaisha, kichwa kikanivimba, ikawa kila nikisafisha banda nawapaka tena.

Leo asubuhi daktari wa mifugo, yule wa kweli, alipita kununua mayai. Akauona mkebe wa dawa dirishani, akanihoji, kisha akayarudisha mayai kwenye trei moja moja.

"Daktari mwenzangu," akasema, "hii haitoki mwilini upesi. Inajikusanya kwenye mafuta na kwenye mayai. Kadiri kuku anavyokaa humu, ndivyo anavyozidi kuwa nayo."

"Na hawa wa nyama?" Hao nawauza wangali wadogo.

"Hao afadhali kidogo. Balaa ni mitetea wakongwe walionona."

Mitetea wakongwe siuzi hata nikibembelezwa. Hao ni wa nyumbani, maana supu yao ina mafuta. Tangu binti yangu ajifungue nimekuwa nikimpelekea mmoja baada ya mwingine, kuku kwapani, natembea kama mgeni rasmi. Na binti yangu ananyonyesha.

Nikatoka mbio na ndala za bandani. Nilimkuta mezani, bakuli mbele yake, mjukuu wangu yuko titini.

"Karibu baba. Hii supu yako imenisaidia kweli, mtoto anashiba mpaka analala."

Nikalivuta bakuli, nikaimwaga supu kwenye karo, ndipo nikamweleza yote nikiwa nimesimama, na aibu imenijaa mpaka masikioni.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akamtoa mtoto titini taratibu, akafunga vifungo vya gauni.

"Kwa hiyo wateja wako wa nyama hawana shida," akasema.

"Wao afadhali kidogo."

"Sisi ndio umetuchagulia wazuri."

"Nilijua ndio wazuri, mwanangu."

Mtoto akaanza kulia, akilitafuta titi kwa mdomo juu ya gauni, na kati yetu hakuna aliyejua ampe nini.