Kibao cha Ijumaa

Maduhu alikuwa na watoto wanne, lakini ungemwuliza angekwambia watatu. Hakuwa mwongo. Kwao, tangu enzi za babu yake, chenye pumzi hakihesabiwi mpaka mwisho. Mmoja huachwa pembeni bila kutajwa, ili wachawi, mizimu yenye njaa na magonjwa yapitayo njiani yasijue idadi kamili yakaja kudai fungu lao. Jioni ng'ombe wakirudi aliwahesabu kwa sauti mlangoni mwa zizi, na wa mwisho alipofika Maduhu aligeuza uso akatazama mawingu, yawepo yasiwepo. Majirani walicheka. Ng'ombe wao nao walikuwa wakifa kama wa watu wote, kwa hiyo haijulikani hasa walichokuwa wakicheka.

Mkewe Nyamizi alimwuliza siku moja, "Katika watoto wetu, ni yupi unayemwacha?"

"Hayo hayasemwi," Maduhu alijibu. "Ukisema umeshahesabu."

Alipokwenda kuandikwa kazi katika mgodi wa dhahabu huko Geita, karani Kalisti alichovya kalamu akauliza: mke? Mmoja. Watoto? Watatu. Kalisti akaandika tatu, na mambo yakaishia hapo.

Kazi yake ilikuwa kusukuma matoroli ya mawe na kuandika namba kwa chokaa ubavuni mwa kila toroli. Ndivyo alivyozijua tarakimu, yeye ambaye herufi hata moja hakuijua. Mawe aliyahesabu yote bila hofu. Mawe hayafi. Na kila alipopata ruhusa kurudi kwao, mwendo wa siku nzima hadi vijiji vya huku Kharumwa, alimwita binti yake Mageni mlangoni mwa zizi akamfundisha kuhesabu kwa vidole. Makoye, kifungua mimba, alikuwa mchungaji, na ng'ombe hawachungwi kwa kalamu. Shule ikamwangukia Mageni. Akawa darasa la pili katika shule ya misheni, msichana wa tatu katika darasa lililojaa wavulana.

Habari ya msiba ilimfikia Maduhu mgodini siku ya kumi na tisa baada ya maziko. Aliyeileta ni mtu wa kwao aliyekuja kutafuta kibarua, akamkuta anakula. "Mageni wako amefariki," yule mtu alisema, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Maduhu akamshukuru. Kisha akamaliza kula. Wenzake walimtazama akikomba mboga kwa tonge la mwisho, akanawa, akaenda kuomba ruhusa.

Alidandia lori la pamba mpaka njia panda, akamalizia kwa miguu. Alipotokea uani wanawake wakaangua kilio upya, kama inavyopasa, na yeye akasimama katikati yao mzigo ukiwa bado begani. Aliona nyasi za paa zimeoza upande wa magharibi. Aliona mtungi mmoja una ufa. Akapelekwa kaburini, akaweka jiwe, akaona kwamba jiwe lake ni dogo kuliko ya wengine, akafikiri kulibadilisha, asilibadilishe. Siku tatu watu walimngojea alie. Hakulia. Si kwamba hakutaka. Alilitafuta chozi kama mtu anavyopapasa mkoba wa tumbaku ambao ana hakika alitoka nao nyumbani.

"Mgodi umemkausha," wakanong'ona. Msiba wa mwenzio ni rahisi kuuongoza.

Siku ya nne, watu walipokwisha kutawanyika, Nyamizi alipanda juu ya kinu akaangua kitu kilichofungwa kwa kipande cha kaniki.

"Ni kibao chake cha shule," alisema. "Cha Ijumaa."

Hapo yafaa kueleza habari za Mwalimu Pantaleo. Alikuwa kijana mwembamba kutoka Usumbwa, mwenye wanafunzi arobaini na vibao ishirini na tisa, na karatasi alizoletewa na misheni zilikuwa chache kuliko vibao. Lakini alishika moyoni kwamba mzazi lazima ajue mwanawe anafundishwa nini. Basi kila Ijumaa wanafunzi walipewa vibao waende navyo nyumbani kwa zamu, bila kuyafuta maandishi, na kwa kuwa wazazi hawakujua kusoma aliagiza kila hesabu ichorewe picha: maharage, maembe, ng'ombe. Chini pembeni mtoto alichora kijumba kitupu. Mzazi akishaona, alichovya kidole gumba katika majivu yaliyoloweshwa akakibandika ndani ya kile kijumba, na Jumatatu mwalimu alijua kwamba habari imefika. Watu walimcheka mwalimu wa majivu. Lakini walibandika.

Nyamizi alikuwa amebandika kila zamu. Safari hii hakuwahi. Mageni alirudi Ijumaa na kibao chake, Jumamosi asubuhi akalalamika kichwa, mchana shingo ikakakamaa, na Jumapili jua la utosini akafa. Kijumba kikabaki kitupu. Nyamizi akakifunga kibao, akakitundika juu ambako hakuna mkono utakaokigusa, maana maandishi ya kalamu ya jiwe hayana nguvu. Hata pumzi ya mtu inaweza kuyachukua.

"Mwalimu hajakidai," alisema. "Lakini kuna watoto wanaongoja kibao, najua. Kipeleke. Ila kwanza akwambie Mageni aliandika nini. Kikishafutwa kimefutwa."

Maduhu alikipokea. Hakukifunua. Alitembea nacho hadi shuleni amekinyoosha mbele kwa mikono miwili, na njiani hakuwaza lolote ambalo angeweza kukuambia baadaye.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Mwalimu Pantaleo alimwona akivuka kiwanja, akatoka mlangoni.

"Shikamoo, Baba Mageni."

"Marahaba, mwalimu."

Watu wote walimwita Baba Makoye. Ni mwalimu tu aliyemwita Baba Mageni, na baada ya siku hiyo hakuna ambaye angemwita hivyo tena. Maduhu aliliona hilo, akaliweka pamoja na mtungi wenye ufa.

Wakaketi kwenye benchi darasani. Mwalimu akafungua kile kitambaa polepole. Maandishi yalikuwepo bado, yamefifia upande mmoja.

"Hapa juu," mwalimu alisema, akionyesha bila kugusa, "kaandika: *Mimi ni Mageni binti Maduhu. Nasoma darasa la pili.*"

"Ehe."

"Halafu hesabu nne. Amepata zote, Baba Mageni. Alikuwa mtoto hodari."

Maduhu aliinama. Aliona maharage, sita na matatu, na chini yake tisa. Aliona maembe, saba na manne, kumi na moja. Kisha ng'ombe, wenye pembe ndefu kuliko miguu, wanane upande huu na watano upande ule. Kisha watoto, vichwa na vijiti, watano na wanne. Kando ya ng'ombe na kando ya watoto palikuwa na mistari miwili iliyokatana, ya mkono wa mtu mzima.

"Mwalimu," alisema, "nane na tano si kumi na mbili."

Pantaleo akakiinamia kibao.

"Ni kumi na tatu. Hata mgodini ni kumi na tatu. Na hapa, tano na nne, kaandika nane. Mbona unaniambia kapata?"

Mwalimu aliona haya mpaka masikioni. "Nisamehe, mzee wangu. Nilitaka uondoke na neno zuri."

"Niambie kama ambavyo ungeniambia angekuwa hai."

Pantaleo alijifuta mikono kwenye suruali. "Ningekwambia basi kwamba Mageni alinichosha. Maharage, mawe, maembe, hakosi kamwe, huwatangulia wavulana wote. Lakini nikitoa hesabu ya ng'ombe au ya watu, anakosa. Na anakosa moja. Kila mara anapunguza moja. Nilimrudisha kwenye vidole. Nikamwuliza, hujui au unanichezea? Ananyamaza, ananitazama tu. Nikafikiri ni kiburi." Akatazama ukuta wa nyuma. "Ijumaa ile nilimsimamisha nyuma ya darasa mpaka kengele."

Nje watoto walikuwa wakipigania mpira wa matambara. Maduhu alisikia kelele zao kwa mbali, kama alivyozisikia kelele zote tangu Geita.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," alisema.

"Kumfundisha nini?"

"Mawe hesabu yote. Chenye pumzi acha kimoja." Akamweleza kwa ufupi, mlango wa zizi, mawingu, wenye kusikiliza. Alieleza kwa sauti ile ile ambayo mtu angetumia kumwelekeza mgeni kisimani.

"Kwa nini hakuniambia?" mwalimu aliuliza. "Angesema neno moja tu!"

"Haisemwi. Nilimwambia ukisema umeshahesabu."

Mwalimu Pantaleo alikuwa amejisifu kwa vile vibao vyake. Hata mkaguzi wa misheni alimsifu: wazazi wa shule hii wanajua kila kitu. Sasa aliona kwamba mwaka mzima alikuwa akipeleka habari nyumbani, na kilichorudi kilikuwa kidole tu.

"Mama yake aliiona hii alama ya kosa kila zamu," alisema. "Naye hakuuliza."

"Aliwahi kuniambia ni msalaba. Alifikiri mnambariki mtoto."

Mwalimu akanyoosha mkono kuifuta ile alama kando ya ng'ombe. Maduhu akamshika kifundo.

"Acha. Utamfuta na yeye."

Kisha Maduhu aliomba majivu. Mwalimu akaenda mwenyewe jikoni kwa mpishi wa mapadre akarudi na majivu kwenye kigae, na maji kidogo. Maduhu akachovya kidole gumba. Kilikuwa kidole kipana, kimepasuka kwa chokaa na mawe, na kile kijumba Mageni alikuwa amekipima kwa kidole cha mama yake, hakikutosha. Majivu yakavuka mistari pande zote. Akasubiri yakauke.

"Nimeona," alisema, kama wazazi wote walivyotakiwa kusema. "Sasa mpe mtoto anayengoja."

"Kinaweza kukaa, Baba Mageni. Nitasema kimevunjika."

"Mpe."

Aliporudi nyumbani Nyamizi alikuwa akipepeta mtama. Hakuuacha ungo.

"Kaandika nini?"

"Jina lake na langu. Na hesabu."

"Kazipata?"

"Zote," Maduhu alisema, na kwa mara ya kwanza tangu arudi Nyamizi aliweka ungo chini, akajifunika uso kwa khanga, akalia vizuri. Yeye alisimama pale. Alimwonea wivu.

Baada ya siku mbili ruhusa ilikwisha, akarudi Geita. Kila aliyetoka likizo alipitia kwanza kwa karani. Kalisti alifungua kitabu chake kikubwa, akafuata mistari kwa rula mpaka akalifikia jina.

"Maduhu. Umerudi salama? Haya. Mke?"

"Mmoja."

"Watoto?"

Maduhu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, na kitabu kilikuwa kimegeuziwa karani, lakini tarakimu anazijua hata zikiwa kichwa chini. Ilikuwa tatu. Nyumbani pia, tangu ile Jumapili, walikuwa watatu. Alimwona Makoye, akawaona wadogo wawili, akatafuta wa kugeuzia uso, asimpate. Kwa mara ya kwanza kitabu cha mgodi kilikuwa kinasema kweli.

"Watatu, kama zamani," Kalisti alijijibu. "Hakuna cha kubadilisha. Anayefuata!"

"Wanne," Maduhu alisema.

Karani akainua macho. "Amezaliwa mwingine?"

"Hapana."

"Sasa wa nne ametoka wapi, bwana? Nina watu hapa."

"Alikuwepo siku zote. Anaitwa Mageni." Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. "Ndiye niliyekuwa namficha."

Kalisti hakuelewa, wala haikuwa kazi yake kuelewa. Alichovya kalamu, akaikata ile tatu, akaandika nne pembeni yake. Maduhu aliitazama mpaka wino ukakauka, na hapo, mbele ya wanaume thelathini waliokuwa wakingoja zamu yao, machozi yakaja.